Sangiovese: zabibu moja, majina mengi, na nafasi yake kwenye meza ya Malindi

Kwenye rafu ya mkahawa ninaofanyia kazi hapa Malindi kuna chupa tatu. Ya kwanza imeandikwa Chianti, ya pili Morellino di Scansano, ya tatu Brunello di Montalcino. Bei zake hazikaribiani hata kidogo. Kwa bei ya ile ya tatu unanunua zile mbili za mwanzo na chenji inabaki. Kijana aliyeanza kazi nasi msimu uliopita alizitazama siku kadhaa, kisha jioni moja akanijia: "Mama, mgeni akiniuliza hizi zina tofauti gani, nimwambie nini?"

Nikamwambia aanze na kinachozifanya ziwe ndugu. Zote tatu zimetokana na aina moja ya zabibu, Sangiovese. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha mnazi uliosimama nje ya ukumbi. Kidaka, dafu, koroma, nazi: majina manne, mti mmoja, na hakuna mpishi wa pwani atakayekuletea dafu ukimwagiza nazi ya kukuna. Mvinyo wa Sangiovese nao uko hivyo. Shida ni kwamba majina yake hatukuzaliwa nayo, kwa hiyo inabidi tuyafungue moja moja.

Kabla sijaendelea, niseme hili. Malindi ni mji wa misikiti, na majirani zangu wengi hawaugusi mvinyo. Nawaheshimu kwa hilo, na mbele nitaleta jambo linalowahusu wao hasa. Lakini mji huu huu unakula kwa utalii, na meza za wageni zinahudumiwa na watoto wetu. Kijana anayemimina kitu asichokijua hubaki kutikisa kichwa mgeni anapouliza, na pato lake linakuwa dogo kuliko la mwenzake anayejua.

Na hapa kwetu mgeni huyo mara nyingi ni Mwitaliano. Uhusiano huo ulishika mizizi miaka ya 1960, pale profesa Luigi Broglio na wenzake walipoanzisha kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu. Baada ya wahandisi wakaja wenye hoteli, wauza aiskrimu na wastaafu waliojenga nyumba za makuti karibu na ufuo. Leo kijana wa hapa anaweza kujadiliana bei kwa Kitaliano bila kukwama. Mvinyo walikuja nao, na katika mvinyo mwekundu wa Italia, Sangiovese ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko nyingine zote.

Jina la mahali

Fundo la kwanza ni lebo. Mvinyo wa Afrika Kusini au wa Chile kwa kawaida utakuambia jina la zabibu waziwazi. Waitaliano wengi huandika jina la mahali, wakitarajia mnywaji ajue mwenyewe kilichopandwa huko. Si jambo geni kwetu. Ukisema halua ya Lamu, jina la mji limetosha. Hakuna anayeandika kwenye kifuniko ni wanga gani uliosongwa.

Chianti basi ni milima midogo ya Toscana, mkoa wa katikati ya Italia, kati ya miji ya Firenze na Siena. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, alitoa amri ya kuweka mipaka ya eneo hilo, ili mtu wa mbali asiuze mvinyo wake kwa jina lisilo lake. Baadaye jina lilivuma, na mashamba ya nje ya mipaka ile ya zamani nayo yakaruhusiwa kulitumia. Ndiyo sababu leo kuna Chianti tu, na kuna Chianti Classico, ya kitovu chenyewe cha kale, ambayo utaitambua kwa alama ya jogoo mweusi shingoni mwa chupa.

Jogoo huyo ana hadithi yake. Wanasimulia kwamba Firenze na Siena walichoka kupigania mpaka, wakakubaliana kila mji umtoe mpanda farasi jogoo atakapowika alfajiri, na watakapokutana ndipo uwe mpaka. Siena walimlisha jogoo wao mweupe mpaka akashiba na kulala fofofo. Firenze walimfungia mweusi wao bila chakula. Njaa ikamfanya awike kabla ya wakati. Mpanda farasi wa Firenze akaondoka giza likiwa bado, na sehemu kubwa ya ardhi ikawa ya mji wake. Wageni wanaipenda hadithi hii, na mhudumu anayeisimulia vizuri hasahauliki mezani.

Kilichomo ndani ya Chianti kimebadilika mara nyingi, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana juu yake wote wakiwa wa kweli. Mwaka 1872 Bettino Ricasoli, mwenye kasri la Brolio na aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, aliandika barua akieleza alichokigundua baada ya miaka ya majaribio: Sangiovese itoe harufu na nguvu, Canaiolo, zabibu nyekundu nyingine, ipunguze ukali, na Malvasia, ambayo ni zabibu nyeupe, itiwe kwenye mvinyo wa kunywewa mapema tu. Sheria ya mwaka 1967 ikaichukua fikra hiyo na kuilemaza. Ikawalazimisha wakulima kutia zabibu nyeupe kwa asilimia 10 hadi 30, mvinyo ukawa mwepesi na wa kukonda. Nyingi ya chupa zile za tumbo la duara zilizovikwa kikapu cha majani, ambazo utaziona hata leo zimegeuzwa vinara vya mishumaa mikahawani, zilibeba Chianti ya namna hiyo.

Wapo waliokataa. Antinori, familia ya watengenezaji mvinyo wa Toscana, kwa mavuno ya mwaka 1971, ilitengeneza Tignanello, mvinyo wa Sangiovese uliokomaa kwenye mapipa madogo ya mwaloni nje ya kanuni za Chianti. Kwa kuwa haukufuata sheria, ukauzwa kwa daraja la chini kabisa, "mvinyo wa mezani", huku bei yake ikiwapita wenye madaraja. Sheria ndiyo iliyorudi nyuma. Leo Chianti Classico hudai angalau asilimia 80 ya Sangiovese, na tangu mwaka 2006 zabibu nyeupe zimepigwa marufuku humo. Chianti ya kawaida hudai asilimia 70.

Brunello di Montalcino haina mjadala: ni Sangiovese tupu, asilimia 100, kutoka mlima mmoja kusini mwa Siena wenye joto na ukavu zaidi kuliko Chianti. Familia ya Biondi Santi ndiyo iliyoijengea jina katika karne ya 19. Sheria hairuhusu iuzwe kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na angalau miaka miwili kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mbao. Bei yake inatoka hapo: mkulima amefunga fedha zake ghalani zaidi ya miaka minne akingoja. Morellino di Scansano inatoka karibu na bahari, ina asilimia 85 ya Sangiovese au zaidi, na huwa laini na ya kunywewa mapema. Hiyo ndiyo dafu la ukoo huu; Brunello ndiyo nazi iliyokomaa.

Fundo moja huwanasa hata wazoefu. Vino Nobile di Montepulciano ni mvinyo wa mji uitwao Montepulciano, nao hutengenezwa zaidi kwa Sangiovese. Montepulciano d'Abruzzo ni mvinyo wa zabibu iitwayo Montepulciano, ya mkoa mwingine kabisa, isiyo na udugu wa karibu na Sangiovese. Jina moja la mji, jingine la tunda. Mgeni akiagiza "Montepulciano" tu, muulize ni ipi. Hatachukia.

Na jina Sangiovese lenyewe? Wengi hulielezea kuwa ni "damu ya Jupita", mungu mkuu wa Warumi wa kale. Mtu wa Firenze aitwaye Soderini aliitaja zabibu hii karne ya 16 kwa jina la Sangiogheto, akionya kwamba asiye mwangalifu akidhani anatengeneza mvinyo atajikuta ametengeneza siki. Mwaka 2004 uchunguzi wa vinasaba uliwataja wazazi wake kuwa Ciliegiolo, mzabibu wa Toscana ambao jina lake linatokana na tunda la cheri, na Calabrese Montenuovo, mzabibu wa kusini usiojulikana sana. Nafasi ya Ciliegiolo kama mzazi ilikuja kubishwa na watafiti wengine, lakini ladha ya cheri kwenye Sangiovese haina mbishi.

Neno "kali" linaficha mambo manne

Sasa tuje kwenye kinywa, kwani hapa ndipo watu wetu wengi wanapoiacha Sangiovese baada ya funda la kwanza. Wanasema: "Mvinyo huu mkali." Nami huwa nauliza: mkali vipi?

Kiswahili chetu kinalibebesha neno hili mzigo mkubwa. Ndimu ni kali, pilipili ni kali, chai iliyochemka sana ni kali, gongo ni kali. Kwa ulimi, hivyo ni vitu vinne tofauti. Ndimu ina uchachu: mate yanajaa pembeni mwa ulimi. Pilipili inaunguza. Gongo lina moto wa kileo unaoshuka kooni. Chai ile iliyochemka sana ina ukakasi: ulimi unakauka, ufizi unashikana, kinywa kinakuwa kama kimepakwa vumbi la chaki. Mtu akishajua kuvitenganisha hivi vinne, nusu ya elimu ya mvinyo ameshaipata.

Sangiovese ina viwili kati ya hivyo kwa wingi, uchachu na ukakasi. Pilipili haina, na kileo chake, kwa kawaida asilimia 13 hadi 14 hivi, ni cha wastani kwa mvinyo mwekundu.

Ukakasi unatokana na tanini, nayo sisi wa pwani tunaifahamu kuliko tunavyodhani. Nenda Mida au Ngomeni kwenye mikoko, bandua gome la mkandaa: ule wekundu wake ni tanini. Magome ya mikoko ya pwani hii yalisafirishwa ng'ambo kulainishia ngozi, na wazee wetu wakaita chai isiyo na maziwa chai ya mkandaa kwa rangi hiyo hiyo. Tanini hukamata protini. Kwenye ngozi ya mnyama huifanya isioze. Kwenye kinywa hukamata protini za mate zinazokilainisha, ndiyo maana kinakauka. Bibo la mkorosho linafanya hivyo hivyo. Zambarau changa vilevile.

Halafu fikiria chai ya maziwa. Majani ni yale yale, yamechemka vile vile, lakini ukakasi umepungua. Maziwa yana protini, na tanini imeshika protini ya maziwa ikaacha ya mate yako. Ukilielewa hili umeshaelewa kwa nini mvinyo mwekundu hukaa vizuri na nyama na jibini. Nyama ndiyo maziwa ya chai hiyo.

Tanini ya mvinyo iko kwenye ganda na kokwa za zabibu, na nyingine hutoka kwenye mbao za pipa. Sangiovese ina nyingi, ila rangi yake ni nyepesi kuliko unavyotarajia. Inua glasi mbele ya kitambaa cheupe: utaona wekundu wa komamanga, na ikizeeka pembeni inageuka rangi ya tofali. Wateja wengine hudhani imetiwa maji. Haikutiwa, ndivyo ganda lake lilivyoumbwa. Kupima nguvu ya mvinyo kwa weusi wake ni kosa la kawaida, na Sangiovese ndiyo inayoonewa zaidi kwa kosa hilo.

Kuhusu harufu, vitabu vya Ulaya vitakuambia cheri chachu, na mtoto wa Malindi ambaye hajawahi kuona cheri mbichi atabaki hapo hapo. Mimi hufundisha hivi. Chukua maji ya komamanga, tia tone la ukwaju, uko karibu. Kisha nenda bustanini, ponda jani la mnyanya katikati ya vidole, ile harufu ya kijani inayong'ang'ania mikono ndiyo utakayoikuta chini ya tunda. Ongeza majani makavu ya chai, na udongo mkavu unapopata matone ya kwanza ya mvua. Mvinyo ukikomaa miaka mingi, tunda linakauka na kuingia ngozi ya kiatu, tumbaku, tini kavu. Ukisikia vanila au karafuu, hiyo imetoka kwenye pipa jipya la mwaloni, si kwenye zabibu.

Uchachu unatafuta uchachu

Sasa lile ninalolishikilia baada ya miaka ya kubeba sahani: uchachu wa Sangiovese si kasoro ya kuvumiliwa, ndio unaoifanya ifae mezani kwetu. Mvinyo huu ukiunywa peke yake barazani utakuchokesha. Ulete kwenye chakula chenye nyanya, ndimu au ukwaju, na utabadilika mbele yako.

Ulimi huzoea. Ukila kitu kichachu, kitu kichachu kinachofuata huonekana laini zaidi. Kwa hiyo mchuzi wa nyanya unapunguza makali ya mvinyo, na tunda lililokuwa limejificha linajitokeza. Mvinyo usio na uchachu wa kutosha ukikutana na nyanya unapooza, unakuwa kama maji ya zabibu yaliyolala. Waitaliano wa Toscana wanaliishi hili kila siku: nyanya, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, na Sangiovese pembeni.

Lakini nyanya si mali ya Waitaliano. Chakula cha Kenya kinachokaa na Sangiovese kuliko kingine chochote nilichoonja ni mbuzi wa kuchoma na kachumbari. Mafuta na protini ya mbuzi vinashika tanini. Nyanya na ndimu za kachumbari zinaukuta uchachu. Moshi wa makaa unaitana na ile harufu ya udongo. Hata chumvi inasaidia, maana chumvi hupunguza uchungu mdomoni. Fungua Chianti Classico hapo, si Brunello. Brunello inataka kitu kilichopikwa polepole, nyama ya mfupa iliyochemka mpaka ikaachia, na meza isiyo na haraka. Mishkaki iliyolazwa kwenye papai, tangawizi na ukwaju nayo inafuata mkondo wa mbuzi.

Samaki ndio walio na kesi. Kanuni ya "nyekundu kwa nyama, nyeupe kwa samaki" ina msingi. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo ndani ya mvinyo ndiyo yanayoamsha ile shombo na ladha ya chuma mtu anapokula vyakula vya baharini na mvinyo mwekundu. Mvinyo wenye chuma kidogo haukuleta shida hiyo. Kwa hiyo dagaa na chaza viache kwa mvinyo mweupe.

Hata hivyo kanuni hiyo inamtazama samaki na kumsahau mchuzi. Kule Livorno, bandari ya Toscana, kuna mchuzi mzito wa samaki na pweza uliopikwa kwa nyanya, cacciucco, na wenyeji huunywea mvinyo mwekundu bila kuomba radhi. Pweza wetu wa mchuzi wa nyanya ni binamu yake. Hana mafuta mengi ya samaki, ana nyama ya kutafuna, na nyanya imemzunguka. Morellino au Chianti changa, iliyopozwa vizuri, inakaa naye.

Samaki wa kupaka anataka uangalifu. Makaa yanakubali mvinyo mwekundu, ukwaju unakubali Sangiovese, ila nazi inakuja na utamu wake, na utamu wa chakula hufanya mvinyo uonekane mchachu na mchungu zaidi. Mpishi aliyetia ukwaju wa kutosha ameniokoa. Aliyeegemea nazi tupu nimemshauri mgeni wake achukue mvinyo mweupe. Kwa pilau, bizari na mdalasini hupatana na chupa iliyokomaa. Biriani inategemea mkono wa mpishi na pilipili.

Pilipili ni adui wa kweli. Kileo huongeza moto wake, na moto huo huufanya ukakasi uumize. Mgeni anayepakua achari kila tonge mpe kitu baridi kingine. Mtsunga nao, ile mboga ya majani, kwa uchungu wake unajumlisha uchungu juu ya ukakasi. Na kwa kaimati au halua usithubutu. Kahawa chungu ipo, tena imeyafanya haya kwa karne nyingi.

Joto letu

Watu husoma kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba, wakauacha mezani. Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Malindi wakati wa kaskazi, Januari au Februari, kinapita nyuzi 30, na huo ndio msimu wenyewe wa Waitaliano wetu. Kwenye joto hilo kileo kinapanda puani, tunda linajificha, na Sangiovese nzuri inanuka kama spiriti ya kusafishia kidonda.

Tia chupa kwenye friji dakika 40, au kwenye ndoo ya maji na barafu dakika 15. Maji yawepo; barafu peke yake haigusi chupa vizuri. Chianti changa naipenda kwenye nyuzi 14 hadi 16, Brunello juu kidogo. Usiifanye baridi kama soda, kwa kuwa ubaridi mwingi unakaza ukakasi na kuua harufu. Mgeni akishangaa kuona mvinyo mwekundu kwenye ndoo ya barafu, mwambie kwa upole aonje kwanza.

Joto la ghalani ni baya zaidi kuliko la mezani. Niliwahi kununua katoni ya Chianti kutoka duka moja lililoipanga dirishani, jua la mchana likiipiga. Vizibo vilikuwa vimepanda juu ya shingo, nami sikuvikagua. Chupa zote sita zilinuka jamu iliyoungua. Tangu siku hiyo napitisha kidole juu ya kila kizibo kabla ya kulipa. Kikiwa kimesukumwa nje, mvinyo ulichemka mahali fulani njiani.

Vijana huniuliza kwa nini tusiipande wenyewe. Mzabibu unapenda kupumzika, na huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka kwa kuukata mzabibu kwa mpangilio, lakini Dodoma ni kukavu. Unyevu wa pwani ungeleta ukungu, na vichala vya Sangiovese ni vyepesi kuoza hata kwao Toscana mvua ya vuli inapowahi.

Lile nililoahidi

Sangiovese haikai kwenye glasi tu. Mchuzi wa nyama wa Kiitaliano, ragù, mara nyingi hutiwa mvinyo mwekundu jikoni, na hauonekani kwa macho. Wapishi wengi huamini kileo chote huruka na mvuke. Hakiruki chote, sehemu hubaki hata baada ya kuchemka muda mrefu, na kwa Muislamu hata kilichoruka hakihalalishi kilichotiwa. Mgeni mwenye kofia au dada mwenye buibui akiagiza tambi za nyama, mhudumu aulize jikoni kabla hajaandika, kisha amwambie ukweli: "Huu umepikwa kwa mvinyo, lakini wa nyanya na mrehani hauna." Anayenyamaza kwa kuogopa kupoteza mauzo amemdhulumu mtu aliyemwamini. Nalisema hili kwa vijana siku yao ya kwanza, kabla hata ya kuwafundisha kushika kizibuo.

Chupa iliyobaki nusu, irudishie kizibo na uiweke frijini, hata kama ni nyekundu. Siku mbili, pengine tatu, itakuwa bado na uhai, na uchachu wa Sangiovese huisaidia kudumu kuliko mvinyo mlegevu. Baada ya hapo hewa na vijidudu vyake huanza kuivuta kule Soderini alikoonya. Kwetu jikoni kuna mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, umefunikwa kwa kitambaa, ambamo mabaki hayo humiminwa. Wiki kadhaa baadaye huwa siki nyekundu, na vitunguu vilivyolazwa humo ndivyo mpishi wetu anavyoviweka kando ya mbuzi.